Kura ya Uamuzi ya Mwalimu Melchior Kinuthia

Ndugu waombolezaji, ninyi kumi mlioruhusiwa kufika hapa makaburini wakati huu wa korona na ninyi mnaotufuata kwa simu, mimi ni Mwangi, mdogo wake marehemu, nami naanza na swali ambalo kaka hakulipatia jibu: mwaka 1871, katika baraza moja dogo hapa Sydney, enzi ambazo madiwani walimchagua meya wao wenyewe, kura zilikwenda sare, na mwenyekiti wa kikao, ambaye naye alikuwa mgombea, akampa mpinzani wake kura ya uamuzi. Kaka alisoma magazeti ya zamani kwa miaka, asijue kwa nini, wala hakumsingizia mtu yule sababu.

Melchior Kinuthia alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Mathari, Nyeri, akahitimu ualimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1981, akafundisha Nakuru, na tarehe 8 Desemba 1984 akafunga ndoa na Abigail, wakajaliwa mtoto mmoja, Maxwell. Mwaka 2009 walihamia Rooty Hill, hapa Sydney, Abigail akiwa nesi, naye kaka akihudumia wazee katika makao yao Seven Hills hadi alipostaafu.

Aliongoza chama chetu cha kufa na kuzikana, cha Wakenya na Wakongo. Tarehe 20 Juni 2020, tukichagua mwenyekiti kwa Zoom, yeye na Mama Clarisse Chibalonza walitoka sare, na kwa katiba yetu kura ya uamuzi ilikuwa yake, mwenyekiti, akampa Mama Clarisse. Mmoja wetu akamwambia, "Mwalimu, umewauzia Wakongo kiti chetu." Akajibu, "Tulipofungiwa majumbani, huyu mama alizika watu wetu watatu, mimi nikatuma salamu za rambirambi. Siku yangu ikifika nitabebwa na nani, na salamu?"

Wakenya ishirini walijitoa, na siwalaumu, maana hakuna apendaye kuzikwa na watu asiowajua. Kaka aliapa kwamba chama hakitavunjika, na hata alipogunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, Aprili 2021, aliendelea kuwapigia simu mmoja mmoja, akikatiwa, akipiga tena kesho yake, hadi alipofariki hospitalini Westmead tarehe 6 Septemba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioacha chakula mlangoni, na wenzake wa Seven Hills.

Jumatano iliyopita wale ishirini walirudi kikaoni, ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba chama kibaki kimoja, na kwamba kaka azikwe hapa, kwa kuwa ndege za nyumbani hazipatikani. Aliyetafuta kaburi hili, akatia saini, na tangu alfajiri akasimama hapa mvuani mpaka likachimbwa sawasawa, ni mwenyekiti wetu, Mama Clarisse. Lala kwa utulivu, Mwalimu.