Aliyewafundisha Wanaume wa Margilan Miili Yao

Kwa karibu miaka arobaini nimewaficha watu wa mji wetu wa Margilan kwamba nyumba yangu ilikosa mtoto kwa sababu yangu mimi, si kwa sababu ya mke wangu Mastura. Mtu mmoja tu alijua, naye hakumwambia yeyote. Mtu huyo, Daktari Inobat Rahmatova, anastaafu tarehe 28 Juni baada ya kuitumikia maabara ya uzazi ya kliniki yetu kwa miaka arobaini na mmoja. Wenye kuandaa kijitabu cha sherehe wameniomba niandike wasifu wake kwa kuwa ndimi niliyekuwa daktari mkuu alipoajiriwa. Madaktari wa moyo hawanipi muda mrefu tena, na siwezi kumwandika Inobat kwa ukweli huku nikijificha.

Alikuja kutoka mji wa Andijon akiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, shahada mkononi, sauti ya kusikika mpaka uani. Siku hizo mambo yalikuwa hivi: bibi harusi akipitisha mwaka bila mimba, mama mkwe alimleta kliniki. Mume, kama alikuja kabisa, alibaki nje kwenye benchi akitafuna mbegu za alizeti. Mwanamke alipimwa, akachomwa sindano, akapewa dawa chungu, akarudishwa nyumbani na lawama zake. Inobat aliangalia mtindo huo kwa wiki moja, kisha akaanza kuwauliza mama wakwe yuko wapi yule mwingine.

"Nusu ya kazi imekaa nje pale kwenye benchi, mama," alikuwa akiwaambia. "Niitieni."

Malalamiko yalinifikia mimi. Mama mmoja alikuja ofisini kwangu kwa hasira, akanieleza kwamba mwanawe humnyanyua kondoo mzima kwa mkono mmoja, kwa hiyo hana upungufu wowote. Nilimpeleka kwa Inobat ili wapatane. Inobat akamsikiliza kwa heshima, akampa chai, akamwambia kuwa anaamini habari za mkono, ila si mkono anaotaka kuupima.

Wanaume waliogopa mlango kuliko kipimo. Maabara ilitazamana na mapokezi, na aliyeingia alionekana na mtaa mzima. Inobat alinitaka nitoboe ukuta wa nyuma na kuweka mlango upande wa kichochoro cha waoka mikate. Tangu hapo mwanaume aliingia mikono mitupu na kutoka na mkate wa moto kwapani, na aliyekutana naye hakuwa na la kuuliza. Mwokaji wa jirani na mlango ule alijenga nyumba ya ghorofa. Mpaka leo wapo wazee wanaosema mkate wake unaleta uzazi.

Mwanaume akishakaa, Inobat hakuanza na maswali. Alimwekea mezani kifukofuko kimoja cha kiwavi wa hariri kilicholowekwa maji ya moto, akamtafutia ncha ya uzi, akamwambia avute. Hapa kwetu hakuna asiyejua kuvuta hariri. Basi mtu alivuta, macho yakiwa kwenye uzi, na Inobat akazungumza. Alieleza kwamba nyuma ya kila korodani kuna mrija uliojikunja ukawa mdogo kama pingili ya kidole, lakini ukinyooshwa unafika kama mita sita. Mbegu hutengenezwa ndani ya korodani, huingia kwenye mrija ule zikiwa hazijui hata kuogelea, na hutoka mwisho wake, siku kadhaa baadaye, zikiwa zimekomaa. Uzi ulipojaa magotini mwa mgeni, aibu ilikuwa imeshamtoka na maswali yakaanza kuja yenyewe.

Aliwaonya wasimjie Jumatatu wakitaka majibu mapya Ijumaa, kwa sababu mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa. Aliwaeleza njia yote: jinsi mbegu zinavyopanda kwa mrija mwingine hadi ndani ya tumbo, zikapita nyuma ya kibofu, zikapewa chakula na vifuko vya shahawa, na tezi dume ikaongeza maji yake. Wengi walishtuka kusikia kwamba njia ya mwisho ni ileile ya mkojo. Aliwatuliza kwa kuwakumbusha mifereji ya mashamba yao: leo zamu ya jirani, kesho zamu yako, na mlango wa mmoja ukifunguliwa wa mwingine hufungwa. Hilo kila mkulima wa bonde letu alilielewa papo hapo.

Vita vyake vikubwa vilikuwa dhidi ya joto. Aliwaeleza kuwa korodani zimening'inizwa nje ya mwili kwa sababu zinataka ubaridi kidogo kuliko tumbo, na kwamba mfuko wake wenyewe hujikunja wakati wa baridi na kulegea wakati wa joto ili kulinda kipimo hicho. Halafu yuko mtu anayekaa msimu mzima wa baridi miguu chini ya meza iliyowekewa makaa, amejifunika blanketi hadi kiunoni. Alipopita kwenye nyumba za watu na kukuta wanaume wamekaa hivyo, hakunyamaza. "Unazipika, ndugu yangu," alisema mbele ya pilau na wageni. "Toa miguu."

Kisa cha Tursunali naweza kukiandika kwa sababu yeye mwenyewe hukisimulia kwenye harusi. Alikuwa fundi wa masufuria ya kuchemshia vifukofuko katika kiwanda cha hariri. Aliambiwa alete kichupa chake cha shahawa ndani ya saa moja, na njiani akiweke kwenye joto la mwili. Sasa kwetu sisi, tuliolelewa na bibi waliokuwa wakiangulia mayai ya viwavi vya hariri vifuani mwao, joto ndiyo malezi yenyewe. Tursunali akaona kama joto kidogo ni zuri, jingi ni zuri zaidi. Akisubiri mtu wa kumpokea zamu, akakiegesha kichupa kwenye ukingo wa sufuria.

Inobat alitazama hadubini, akatazama tena, akamwita. "Kaka Tursunali, hizi umezifanya kama vifukofuko vyako. Zimekufa zote, na hariri haitoki."

Mara ya pili alikileta kwapani. Alivuka soko zima mkono umegandamana na ubavu, akiwasalimia watu kwa mkono wa kushoto, na kila aliyemsalimia akamuuliza ameangukia wapi. Binti yake mkubwa leo ni muuguzi katika wodi yetu ya watoto.

Wapo watoto wengi mjini hapa wa namna hiyo, na wazazi wao hawatakuja kusema. Ila kinachonifanya nimheshimu zaidi ni wale wanawake ambao hawakurudishwa kwa baba zao, kwa sababu Inobat alikataa kumpa mke hata kidonge kimoja kabla hajampima mume. Vijana wa maabara amewafundisha hivyo, na sasa kliniki jirani zinafanya hivyohivyo.

Nyumbani kwangu mimi, hata hivyo, ilikuwa vingine. Nilikuwa nikifundisha maumbile hayo kwa wanafunzi wa udaktari, nikiyachora ubaoni kwa chaki za rangi, huku Mastura akinywa majani ya kila mganga na kufunga vitambaa kwenye makaburi ya mawalii. Mama yangu alikuwa ameshaanza kunitafutia mke mwingine. Ndipo Inobat alipoingia ofisini, akafunga mlango.

"Kaka Zokir, mkeo hana tatizo lolote," alisema. "Aliyekaa kwenye benchi ni wewe."

Nilimpa kichupa. Mbegu zilikuwa chache, na nyingi kati yake zilikuwa zikichechemea. Aliniambia nijishike mwenyewe, nikiwa nimesimama, kama ninavyowafundisha wanafunzi. Upande wa kushoto nikaisikia mishipa ya damu imevimba na kujisokota kama viwavi ndani ya mfuko. Damu ya moto ilikuwa ikituama pale na kuchemsha kila kilichotengenezwa. Inobat alifurahi waziwazi. Ugonjwa huo una tiba: upasuaji mdogo wa kuufunga mshipa, na wengi hupata nafuu baada ya miezi michache. Alinitajia daktari wa upasuaji wa mji mkuu, Tashkent, na akaniahidi kuwa tutakula pilau ya karamu ya mtoto.

Nilisafiri msimu wa kuvuna pamba. Majira ya machipuko akanipima tena, na matokeo yalikuwa yaleyale. Alikaa muda mrefu jicho kwenye hadubini, kisha akalia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya mgonjwa.

"Nisamehe, kaka. Nilikuahidi mapema mno."

Tangu siku ile hajamwahidi mtu kitu. Kila kijana anayeanza kazi maabara huambiwa habari za mtu mmoja, bila jina, ambaye Inobat alimtia matumaini ya bure, na kwamba hilo ndilo kosa analolijutia katika kazi yake yote.

Mimi nilimwambia mama yangu kwamba sioi tena, na mji ukanisifu kwa kumvumilia mke tasa. Sifa hizo nilizipokea mezani, Mastura akimimina chai.

Ijumaa iliyopita nilimwambia Mastura kuwa mgonjwa nilikuwa mimi. Alikuwa akichambua mchele. Aliendelea mpaka sinia likaisha, akapangusa mikono. "Liandike kwenye hicho kijitabu chenu," alisema. "Mama yako hawezi tena kusoma, lakini dada zako wanasoma vizuri."

Nimeandika. Yeye ndiye atakayepeleka karatasi hizi kwa mpiga chapa, kwa hiyo atakuwa wa kwanza kuyasoma na haya yafuatayo, ambayo sikuwa na pumzi ya kuyasema siku ile.

Dada Inobat, kwa niaba ya kliniki nzima nakushukuru, pamoja na wanaume wote waliotoka kwako na mkate. Tunakuombea asubuhi zisizo na foleni, bustani ya zabibu yenye kivuli, na wajukuu wanaokukatiza usingizi wa mchana. Na ile ahadi uliyoilia miaka yote hii, iondoe moyoni leo. Hukukosea. Daktari wa Tashkent uliyenitajia alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, na nilipofika kwenye lango la hospitali yake niliona haya kumvulia suruali. Nilikaa siku chache kwa binamu yangu, nikarudi Margilan, nikakuambia kuwa imefanyika. Sikupasuliwa.