Gulsina Faritovna, Aliyeizuia Ndege Isikalie Mkia

Tarehe thelathini na moja Machi, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Gulsina Faritovna Yarullina atakabidhi ufunguo wa ngazi ya ndege yetu ya Tupolev na kustaafu. Katika uwanja wetu wa makumbusho kando ya Volga zipo ndege nyingi, lakini iliyowahi kubeba abiria kwa kasi ipitayo sauti ni moja tu, na wengi wetu hatujamjua mlezi wake mwingine. Tuliomkuta kazini tunamwita Gulsina-apa, kama Watatari wanavyomwita dada mkubwa, wala sidhani kama yupo aliyethubutu kumwita vinginevyo mara mbili.

Alijifunza umekanika katika kiwanda kimoja cha ndege, akakaza skrubu za vyombo ambavyo hakupata kuvipanda. Alihamia kwetu mwaka 1992, wakati mishahara ililipwa kwa sukari na viatu vya mpira. Tangu hapo amepaka rangi, ameziba kutu, amefukuza njiwa, na amewapokea wageni kwa ukali ambao wao wenyewe huutafuta tena wanaporudi na watoto wao.

Kila kiangazi hakosi mgeni wa kumuuliza, kwa sauti ya huruma, “Mama, ni kweli hii ndiyo pekee iliyobaki?”

“Nani kakudanganya? Dada zake wapo. Mmoja yuko Monino, karibu na Moskva. Mmoja Kazan. Mmoja kasimama Zhukovsky. Mwingine kaolewa Ujerumani, mji wa Sinsheim, kapandishwa juu ya paa kabisa, jirani yake ni Concorde ya Wafaransa. Nendeni mkawasalimie. Ila huyu wangu mmeanza naye, kwa hiyo viatu mnapangusa.”

Lakini kazi yake ya kweli ilikuwa ya majira ya baridi. Vifaa vizito vya sehemu ya mbele viling'olewa zamani, matangi hayana mafuta, na theluji hupenda kurundikana juu ya yale mabawa mapana ya nyuma; uzito ukizidi huko, pua huinuka na ndege hukalia mkia. Kwa hiyo husafishwa mkia na mabawa kwanza, pua mwisho. Ni kanuni rahisi, na ni rahisi vilevile kuivunja, kwa sababu mji mzima huipenda pua. Ndiyo inayotazama lango. Chini yake ndipo maharusi hupigwa picha hata baridi ikiwa ya kupasua mawe.

Mwaka 1999 ilikuja tume ya mkoa kuamua kama ndege ibaki au ikatwe ikauzwe kama chuma chakavu. Gulsina-apa alikuwa kijijini kwa arobaini ya mama yake. Theluji ilianguka siku tatu. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, marehemu Vsevolod Ignatyevich, mtu mwema aliyetaka wageni waione ndege katika uzuri wake, aliagiza pua isafishwe kwanza. Ikang'aa. Tume ilipokuwa inaingia langoni, gurudumu la mbele liliinuka taratibu, likaning'inia kiganja kimoja juu ya barafu. Ndege ilikuwa inakaa kwa mkia. Mkia ungefika chini, kiwiliwili kingevunjika, na tume isingekuwa na la kuamua.

Gulsina-apa aliingia saa hiyo hiyo kutoka kituo cha basi, kitambaa cha msiba bado kichwani. Hakumsalimu mtu. Alivuta ngazi hadi mlango wa mbele, akaanza kuwasukuma watu ndani: wahasibu, mpishi, kisha wajumbe wa tume mmoja mmoja. Mwenyekiti wao, Innokenty Lvovich Podshivalov, alikuwa bwana mwenye mwili, na alisita.

“Mama, mimi nimekuja kukagua, si kukaa.”

“Leo utakagua umekaa. Nenda mbele kabisa, kwa marubani.”

“Unajua unaongea na nani?”

“Naongea na kilo mia moja na ishirini, mheshimiwa, na sijaona baraka kama hiyo mwaka huu. Keti. Usiinuke mpaka niseme.”

Nilikuwa katika mwaka wangu wa kwanza kazini, nami nilikaa safu ya pili. Tulihisi sakafu ikishuka, kisha gurudumu likagusa. Gulsina-apa na wanaume wanne walikuwa nje wakikomba theluji mabawani, nasi tulitetemeka ndani hadi adhuhuri. Mpishi alimuuliza mwenyekiti kama kwenye ndege hii walikuwa wakitoa chakula. Hata mwenyekiti alicheka.

Mwenyekiti aliposhuka, midomo imegeuka rangi, alimgeukia Gulsina-apa. “Basi ibaki,” akasema, “maadamu wewe upo.”

Kwa miaka mingi nimewasimulia wageni kwamba viti vile ndivyo vilivyoilainisha tume. Sasa sina hakika. Pengine gharama ya kuikata ilikuwa kubwa kuliko faida. Nilipomuuliza Gulsina-apa, alisema, “Walikuwa wameganda. Mtu aliyeganda hukubali lolote.”

Hata hivyo, lile neno la “maadamu wewe upo” hakulichukulia kama mzaha. Umri wa kustaafu ulipofika alikataa, na mwaka uliofuata akakataa tena. “Yule bwana alisema maadamu nipo,” aliniambia. “Nikiondoka, je?” Podshivalov alikwisha kufariki, na hakuna ajuaye kama sharti la marehemu bado linamfunga mtu. Kwa miaka kumi Gulsina-apa alibaki, akawafundisha watu watano wafanye kazi aliyoifanya peke yake.

Februari hii, asubuhi ya theluji nzito, tulimwona amesimama langoni, mikono mifukoni, amejikataza kusema. Timofey, mpya kuliko wote katika wale watano, alibeba koleo lake la theluji moja kwa moja kuelekea puani. Gulsina-apa alifumbua mdomo. Kabla hajatoa sauti, Razina, mwanafunzi wake mwingine, alipiga ukelele kutoka juu ya bawa: “We Timofey! Unaenda kuoa huko? Mkia kwanza!”

Gulsina-apa aliufumba mdomo, akageuka, akaingia ndani kunywa chai. Kesho yake aliomba kustaafu.

Nadhani, ingawa naweza kukosea, kwamba ukelele ule ndio jibu alilokuwa akilingoja, na kwamba halikuwa langu kulitoa.

Gulsina-apa, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa ukali wako, na kwa kutukalisha mahali tulipohitajika. Ndege ipo, nasi tupo. Nenda kwa heri na afya njema. Na theluji itakapoanguka tena usiku kucha, tunakuombea ulale mpaka jua litoke.