Fundi Magodoro Aliyekufa Kila Jumamosi

Wazee wetu, ndugu, jamaa, majirani, mafundi wenzake, wasanii wa Jumba hili la Sanaa, na ninyi mlioingia kwa kufuata bango la mlangoni mkidhani onyesho liko palepale, karibuni nyote mketi, kwa maana hata ninyi hamkupotea. Familia imemteua shemeji wa marehemu, ambaye ni mdogo wa mjane, aisome historia hii, nayo imemwonya asiongeze chumvi, naye ameahidi kutia ile tu ambayo marehemu mwenyewe angeitia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na kiwanda cha kukamua mafuta, akiwa mtoto wa nne wa mshona viatu na mkewe, na mama yake alipenda kusimulia kwamba alizaliwa kimya, akabaki kimya, mkunga akampiga makofi mpaka akachoka, shangazi mtu akaanza kulia, ndipo mtoto akafungua jicho moja, akawatazama wote, akalifumba tena. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi, na hii ya kwake ilionekana ikiwa imelala.

Alianza masomo mwaka 1960 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kituo cha zimamoto, akamaliza mwaka 1967, na kuhusu masomo hayo familia imeona ni heshima kusema kwamba alimaliza. Mwaka uliofuata alipelekwa kujifunza ufundi wa magodoro na makochi katika karakana ya fundi mmoja mkali, ambaye alikuwa na utaratibu wake, kwamba godoro haliondoki karakanani mpaka aliyelishona alilalie mbele ya mteja, anyooke, atulie, ili mteja azunguke alichungulie kutoka kila upande kama linabonyea. Wenzake walikuwa wakijikuna, wakicheka, wakikohoa, lakini marehemu akilala amelala, hata wateja wengine walikuwa wanainama kusikiliza kama anapumua, na hivyo akapata kula kwa kazi ya kulala, ambayo wengi wetu tunaifanya bure.

Ndivyo alivyofika katika Jumba hili. Ilikuwa tarehe 6 Oktoba 1979, alipoleta godoro la kitanda cha mfalme kwa ajili ya mchezo uliokuwa ukifanyiwa mazoezi, na kwa kuwa hakumkuta mteja, akalitandika kwenye kitanda hicho pale jukwaani, akalala juu yake amngojee, usingizi ukamchukua. Mfalme katika mchezo ule alikuwa anauawa mapema, na kwa wiki nzima hakuna aliyekubali kulala kama maiti, kila mmoja akisema hawezi kujichulia, basi mwongozaji wa michezo, ambaye wote tunamwita Mwalimu na ambaye yuko hapa mbele na fimbo yake, alipoingia akamkuta mtu kanyooka kitandani, alidhani hatimaye amepatikana mwenye moyo, akaamuru mazoezi yaanze. Walimlilia, wakamwimbia, wakagombania kiti chake cha enzi, malkia akamwangukia kifuani, naye akaja kuamka wakati wa chai, akauliza nani atapokea godoro. Mwalimu akamwambia, "Wewe usiende popote."

Kuanzia hapo marehemu alikuwa maiti wa Jumba hili kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini. Amechomwa visu, amenyongwa, ametiliwa sumu kwenye uji, ameangukiwa na dari, amekufa kwa mapenzi, ambayo alisema ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu hujui ushike wapi, na wauaji wake wengi wamo humu ndani, mmoja wao siku hizi ni diwani, na familia inawaambia kwa moyo mweupe kwamba haina kinyongo nao. Mtaa mzima ukaanza kumwita Marehemu, watu wakimpungia mkono asubuhi, "Marehemu, umeamkaje?" naye anaitikia, jina ambalo amelibeba akiwa mzima mpaka likachakaa, na juma lililopita tulipotoa taarifa ya msiba, watu kadhaa walijibu kwamba asante, watakuja Jumamosi kama kawaida, je, watoto wanaruhusiwa.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo familia imekubaliana lisemwe waziwazi, kwa sababu lilikuwa mwiba wake. Katika Jumba hili, mchezo ukiisha, waigizaji hupanga mstari, wakashikana mikono, wakawainamia watazamaji, na watazamaji wakawapigia makofi, isipokuwa aliyekufa. Mwalimu aliweka sheria hiyo tangu mwaka wa kwanza wa Jumba, baada ya maiti mmoja kuinuka ili asalimie, na bibi mmoja wa safu ya mbele, aliyekuwa amemlilia kwa dhati, akapiga ukelele na kukimbia, akaiangusha safu nzima ya viti pamoja na waliokuwa wamevikalia. Sheria yenyewe ni fupi, maiti hasalimii. Kwa hiyo marehemu alikuwa akifa, akibebwa nyuma ya pazia, akivaa viatu, akikaa juu ya sanduku la maleba na kusikiliza makofi ya wenzake, na asiyejua utamu wa makofi anaweza kuona hili ni jambo dogo, lakini shemeji yake alipata kumkuta pale nyuma siku moja, akiinamia ukuta taratibu, mkono kifuani, akijaribu tu ingekuwaje.

Juu ya sanduku hilohilo la maleba ndipo alipopata mke. Dada yetu, mshonaji wa mavazi ya jukwaani, alikuwa akimbana sanda kwa pini, akambana pamoja na ubavu, naye hakusema kitu mpaka damu ikaonekana kwenye kitambaa, na dada yetu akawaza kwamba mwanamume anayeweza kuvumilia hilo bila kununa ataiweza ndoa. Walifunga ndoa tarehe 20 Juni 1981, na ni yeye peke yake duniani aliyegundua udhaifu wake, yaani wayo wa mguu wa kushoto. Alikuwa akifanya mazoezi ya kufa sebuleni, watoto wakimvuta masikio, majirani wakimpulizia unga puani, wapi, lakini mkewe alikuwa anatoka jikoni na mwiko mkononi, anamwambia, "Baba nanihii, chakula tayari," anamtekenya wayo mara moja, na maiti anafufuka kwa kicheko.

Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza binti, ambaye ni muuguzi, wa pili kijana, aliyerithi karakana, na wa mwisho binti, ambaye hajaamua. Huyu wa kwanza, akiwa darasa la tatu, aliulizwa shuleni kazi ya baba yake, akasema baba yake ni maiti, mwalimu wa darasa akalia, akakusanya wanafunzi, wakaja nyumbani kwa mstari na sukari ya rambirambi, wakamkuta marehemu anakula. Aliona haya kuwarudisha, akawakaribisha wote ndani, wakanywa chai kwa sukari yao wenyewe, na yule mwalimu akawa rafiki wa familia hadi leo, ingawa alichelewa kidogo kucheka.

Mwaka 1994, baada ya kubembelezwa sana na dada yetu, Mwalimu alikubali kumpa marehemu nafasi ya kusema. Mchezo ulikuwa wa huzuni, tajiri anakufa, ndugu wanagombania mali, na marehemu akapewa kuwa daktari, mwenye maneno mawili tu, "Poleni, ametutoka." Aliyafanyia mazoezi maneno hayo kwa kila mteja aliyeingia karakanani, wengine wakaahirisha kununua godoro. Na kwa kuwa daktari hafi, angesimama kwenye mstari, angeinama, angepigiwa makofi, kwa hiyo alinunua viatu vipya na sisi wote tukaja, hata mama yake mzazi, akiwa mgonjwa, akaletwa kwa kiti.

Siku ikafika, tarehe 12 Novemba 1994, ukumbi umejaa pomoni, daktari akaingia na mkoba, akapiga goti kando ya tajiri. Aliyelala pale alikuwa kijana mgeni, tumbo linapanda na kushuka, kope zinachezacheza, mguu umekunjwa kama wa mtu anayesubiri nafasi kinyozini. Marehemu alimtazama. Akamnyoosha mguu. Akamfumba kope vizuri, zikafumbuka, na pale ufundi wote wa maisha yake ukamzidi nguvu, akasimama, akawageukia watazamaji, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Huyu hajafa."

Ukumbi ulipasuka. Ndugu waliokuwa wanangoja pembeni kuja kugombania mali walibaki hawana mali, mjane wa mchezo akaondoa kitambaa cheusi kichwani kwa kukosa la kufanya, na yule kijana, kwa kudhani ameamriwa, akaketi. Mwalimu alifunga pazia kwa mikono yake mwenyewe, hakuna aliyesalimia siku ile, si maiti wala wazima, na marehemu akarudi kwenye kufa Jumamosi iliyofuata bila kulalamika, na vile viatu vipya vikawekwa kabatini. Mama yake, hata hivyo, aliondoka hapa akiwaambia watu wote mlangoni kwamba mwanawe ni daktari na ameponya mtu.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2023 marehemu alianza kuchoka apandapo ngazi za jukwaa, akapelekwa hospitali, ikaonekana ni moyo, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Madaktari walimwamuru alale bila kujitikisa, na wanashuhudia kwamba hawajapata kuona mgonjwa mtiifu kama huyo, ingawa wauguzi wa zamu walikuja mbio mara kadhaa bila sababu. Mwalimu alipofika kumwona, marehemu alimwomba jambo moja, kwamba apewe walau mara moja tu kusimama na kuwainamia watu, na Mwalimu akasema kama tulivyomzoea, "Maiti hasalimii." Marehemu akajibu, "Lakini mimi sijafa, Mwalimu." Mwalimu akamwambia, "Basi pona." Walicheka wote wawili, kisha Mwalimu akatoka, na dada yetu aliyekuwa akirudi na maji ya kunywa alimkuta kwenye ukumbi wa wodi, ameegemea ukuta, analia kama mtoto.

Wiki mbili baadaye Mwalimu alirudi na mchezo aliouandika mwenyewe, wa mzee anayedhaniwa amekufa, ndugu wanaanza kugawana vyombo, naye anaketi kitandani na kuwasema mmoja mmoja mpaka pazia linafungwa, halafu anasimama katikati ya mstari na kusalimia. Tarehe iliwekwa, tarehe 9 Septemba, ambayo ndiyo leo, mabango yakabandikwa, na hilo mliloliona mlangoni ni mojawapo, tumeshindwa kuwa na moyo wa kulibandua. Marehemu alifanyia mazoezi sehemu yake kitandani hospitalini, akawasema wagonjwa wenzake mmoja mmoja, wakampenda, na aliagiza vile viatu vitolewe kabatini vipigwe rangi.

Asubuhi ya tarehe 2 Septemba 2023 dada yetu alifika wodini na uji, akamkuta amelala amenyooka, mkono wa kulia kifuani, kope zimetulia, namna ileile aliyokuwa akilala kila Jumamosi. Alimwambia aamke, uji unapoa, na leo hana muda wa mchezo. Akaweka chupa chini, akafunua shuka upande wa miguuni, akamtekenya wayo wa kushoto, akangoja, akamtekenya tena, na muuguzi aliyekuwa karibu anasema hajui alisimama pale kwa muda gani, mkono wake ukiwa juu ya ule mguu. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na karakana yenye godoro moja ambalo halijalaliwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumzoea, majirani waliohamishia meko yao uani kwetu tangu siku ya kwanza, mafundi wa karakana walioshona godoro la ndani ya jeneza hili, ambalo mmoja wao, kwa kufuata utaratibu, alililalia kwanza, wasanii wote, wauaji wake wote bila ubaguzi, na yule kijana wa mwaka 1994, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kitambi, na ambaye ametuomba tuseme kwamba alijitahidi.

Mwisho, mtaona kwamba tumemlaza jukwaani, katikati, pale ambapo mstari husimama, na amevaa viatu vyake. Familia ilimwendea Mwalimu kumwomba ailegeze sheria yake kwa siku moja, akakataa, akasema maiti hasalimii, hakuwahi kusalimia na hatasalimia, lakini hakuna sheria yoyote katika Jumba hili inayomkataza mtazamaji. Kwa hiyo baada ya maneno haya tutapanga mstari, tutapanda kwa ngazi ya kushoto, na kila mmoja akifika mbele yake atainama, ainame vizuri, si kwa kichwa tu, na atakayependa kupiga makofi apige mpaka mikono iume. Mwalimu atatangulia, kwa sababu goti lake ni bovu na ameshaanza kusimama. Dada yetu ameomba awe wa mwisho, pazia lisifungwe mpaka amalize, na mtu yeyote asimuulize anafanya nini upande wa miguuni.

Shemeji, usiinuke, leo ni zamu yetu kuinama. Pumzika kwa amani.