Marselino Fredrick Chilumba na Mashine Tano Zilizobaki

Marehemu Marselino Fredrick Chilumba alizaliwa tarehe 14 Juni 1966, Lukuledi, wilaya ya Masasi, mtoto wa nne wa mzee Fredrick Chilumba na mama Benedicta. Alizaliwa wakati wa kuvuna mtama, na kabla hajatimiza mwezi mama alisharudi naye shambani, amembeba mgongoni. Alipokuwa na miaka minane alimtengenezea bibi yake kigoda cha miguu mitatu. Baba akamtania, "Wa nne umeliwa na mchwa?" Akajibu bila kucheka, "Baba, sakafu yetu ya udongo. Cha miguu minne kitachezacheza, hiki hakichezi. Halafu mti umebaki." Ndivyo alivyokuwa. Kabla hajakata kitu, anauliza kwanza kinahitajika cha nini.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Lukuledi, mwaka 1975 hadi 1981. Kwenye hesabu hakuna aliyemgusa, na waliosoma naye wapo hapa, wabishe kama wanaweza. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Misheni ikampeleka kusomea uchomeleaji miaka miwili. Mwaka 1986 alikuja Dar es Salaam, akafikia kwa dada yake Margareta, Yombo Vituka, akapata kazi kwenye kiwanda cha matela. Mwaka 1996 wafanyakazi walipunguzwa, naye akiwemo. Mwaka uliofuata akafungua karakana Tandika pamoja na rafiki yake Ismail.

Tarehe 2 Oktoba 1993 alifunga ndoa na Noela, wakajaliwa watoto wawili, Recho na Daniel. Noela alimkuta mume ambaye hachori kwenye karatasi. Alichora kwa chaki sakafuni sebuleni, kwa vipimo vya kweli, na mkewe akajifunza kufagia kwa kuzunguka.

Kazi iliyomtambulisha ni mashine za kukamua miwa. Wengine walipunguza bei kwa kununua chuma hafifu. Marselino alipunguza kwenye chaki. Alibadilisha vipimo vya fremu ili chuma cha mita sita kiishe chote bila kubaki kipande. Bolti zote akazifanya za saizi moja, mwenye mashine aifungue kwa spana moja. Alikuwa akimwambia Ismail, "Ukishakata umeshaamua. Fikiria kabla ya msumeno."

Mwaka 2012 zikaja mashine za bei ya chini zaidi, wateja wakaanza kuhama. Marselino alichora, akafuta, akachora tena. Mwisho akatoa kifuniko cha mdomo, yaani lile bati linalozuia mkono usifike kwenye roli zinazovuta muwa. Ismail alimuuliza, "Braza, hapo una uhakika?" Akamjibu, "Wenyewe wanakivua, wanasema kinawachelewesha kusafisha. Kwa nini niwauzie kitu cha kutupa?" Mashine thelathini na saba zilitoka bila kifuniko.

Ramadhani ya mwaka huohuo, saa kumi na moja jioni, watu wakiwa kwenye foleni ya juisi ya kufuturu, mashine mojawapo ilimkata mwenyewe aliyekuwa akikamua, Bi Munira wa Mbagala, vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Marselino alikwenda kumwona. Bi Munira alimtazama, akasema, "Fundi, umekuja na pole au umekuja na vidole vyangu?"

"Nimekuja na aibu, dada yangu."

"Aibu yako mie nitaifanyia nini? Wapelekee wenye mashine kama yangu, kabla nao hawajakatwa."

Alirudi nyumbani, hakula. Wiki tatu alikuwa sakafuni na chaki. Safari hii hakukirudisha kifuniko kama kilivyokuwa. Alichora bomba la bati, refu kama mkono mpaka kwenye kiwiko, na bomba lenyewe ndilo linaloshikilia pande mbili za mashine. Ukilivua, roli zinaachia, mashine haikamui kitu. Hakuna wa kulitupa. Na kwa kuwa bomba lilifanya kazi ya vyuma viwili vya kati, vile akavitoa. Mashine ikatoka na gharama ndogo kuliko ile isiyo na kifuniko.

Ismail alipiga makofi. Marselino aliketi juu ya ndoo, akasema, "Kumbe ilikuwa wiki tatu tu, Ismail. Wiki tatu za kufikiri." Kila alipoona mashine hiyo mpya ikisifiwa, uso wake ulibadilika.

Tangu hapo alitafuta zile thelathini na saba. Nyingine zilishauzwa mara mbili, mara tatu. Kawe alifukuzwa na mteja aliyedhani ni tapeli: "Mzee, nani anabadilisha kitu bure mjini hapa?" Alirudi kesho yake na spana, akarudi na keshokutwa, mpaka yule bwana akachoka kumfukuza. Alizibadilisha thelathini na mbili.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Siku nyingine za wiki alizunguka na Ismail kutafuta mashine, mpaka miguu ilipokataa. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, alfajiri, akiwa na miaka hamsini na minane.

Kitandani alimwambia dada yake, "Wasifu wangu msiupambe. Someni na ya mashine." Wapo ndugu waliotaka habari hii iachwe, kwamba si ya kusomwa mbele ya jeneza. Noela aliwajibu, "Mkiifuta, mtakuwa mmezika mtu mwingine." Bi Munira yupo hapa, amekaa na kina mama. Aliulizwa kama inamuumiza ikisomwa. Alisema, "Isomeni kwa sauti."

Marehemu ameacha mjane, Noela, watoto wawili, Recho na Daniel, wajukuu watatu, na dada yake, Margareta.

Msibani huwa tunaomba anayemdai marehemu awaone wanafamilia. Leo tunaomba na hili. Mashine tano hazijapatikana. Mbili ziliuzwa Ukonga, moja Mbezi Beach, na mbili hatujui ziliko. Zina rangi ya bluu, na namba imegongwa kwenye mguu wa mbele, upande wa kushoto. Ukiiona kwako, kwa jirani au njiani, usisubiri arobaini. Mwambie mwenyewe aizime, kisha umpigie Ismail. Namba yake ya simu ipo nyuma ya karatasi hii. Mabomba matano ameshayachomelea, yapo karakana, hayauzwi.

Mungu ampe Marselino pumziko la amani, alilolikosa tangu Ramadhani ile. Sisi tuliobaki tusipumzike kwanza.