Bi Usafi na Uchafu Uliokuwa Hai

Tarehe thelathini Juni, fundi mkuu wa maabara yetu ya seli anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Jina analo, ila kuanzia kwa mlinzi hadi kwa mkurugenzi, sote tunamwita Bi Usafi.

Alianza kwa kuosha chupa, akasoma huku akifanya kazi, akapanda ngazi, na akatutia woga sote. Mkurugenzi mwenyewe amewahi kurudishwa nje kwa sababu ya kucha, tena mbele ya wageni. Mumewe anasema nyumbani sufuria zinang'aa mpaka mtu anaona haya kupikia.

Kisha akakabidhiwa kulea seli shina, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini ukubwani, mpaka ziwe seli za kinga zinazokula vijidudu. Alizilisha hata sikukuu, akizisemesha kama wajukuu. Lakini wapi! Seli za kinga hazikuonekana, na wafadhili wakatangaza kufunga mradi. Watu wanane tukaanza kutafuta kazi kwingine.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Seli shina hushikamana na kisahani zinamolelewa, ndani ya majimaji ya lishe. Zinazoelea mara nyingi zimekufa. Basi Bi Usafi, kila alipobadilisha lishe, alinyonya vinavyoelea na kuvimwaga, nasi tukapita tukisifu visahani vyake kwa kumeremeta.

Siku moja alinishuku mimi, mtayarisha lishe, kwamba sinawi vizuri. Akakusanya ule uchafu, akauweka chini ya hadubini apate ushahidi wa kuniumbua. Akakuta seli nzima, hai. Akazitilia vijidudu, zikavibugia. Seli za kinga zikikomaa huachia kisahani na kuelea, kwa hiyo tulikuwa tukimwaga mavuno yetu wenyewe.

Mwingine angekaa kimya. Yeye aliingia kwenye kikao cha kufunga mradi, akawaambia wafadhili kwamba aliyekuwa akizimwaga ni yeye, kisha akawaita waje waone. Mradi haukufungwa. Mimi aliniomba radhi, ingawa alishikilia kwamba kucha zangu bado ni ndefu.

Bi Usafi, shangazi yetu, watu wanane tunalisha watoto leo kwa sababu ulikubali aibu ambayo ungeweza kuificha. Sikuwahi kukuambia hivyo, kwa kukuogopa. Nakuambia leo mbele ya wote: asante. Nenda ukapumzike na mumeo, uishi kwa afya na raha tele.