Fundi Mkuu Aliyepokea Simu ya Yasna

Baada ya miaka thelathini na minne kwenye lifti yetu ya reli, inayovuta vibanda vya abiria kupanda Kilima cha Las Loicas, Don Heriberto Cárcamo, fundi mkuu, anastaafu tarehe 30 Aprili. Daktari alitaka aondoke mwaka jana kwa sababu ya magoti. Alijibu kwamba magoti ni yake lakini lifti ni ya watu, akabaki.

Alianza akiwa kijana wa kupaka grisi, chini ya fundi mkuu ambaye sauti yake ilisikika hadi bandarini. Enzi hizo ukikosea, unaficha. Segundo, rafiki yake Heriberto, aliona breki ya mkono inateleza, akanyamaza kwa kuogopa matusi. Siku chache baadaye mpini ulimrudia, ukamvunja mkono. Heriberto ndiye aliyempeleka hospitali kwa teksi, na njia nzima Segundo alikuwa akimsihi asimwambie bosi.

Alipopewa ukuu yeye, aliwakusanya mafundi na kuwaambia, "Mkikosea, niambieni. Tutarekebisha kwanza, kununa baadaye." Zamu ya kununa hatujaiona hadi leo.

Si malaika. Kwenye dhumna anaiba waziwazi, na akipaka mafuta magurudumu huimba hadi abiria wanaulizia kama mashine imeharibika. Ni yeye pia aliyempa mbwa mmoja wa mtaani ruhusa ya kupanda bure, akatuachia sisi wa dirisha la tiketi kazi ya kuwaeleza wanaolipa.

Kwa idhini ya Yasna Oyarzún, fundi wetu, nisimulie ya majira ya baridi ya mwaka juzi. Yasna alikuwa amemaliza ukaguzi wa alfajiri, yuko kwenye basi anarudi nyumbani, alipopapasa mkanda wake wa kazi na kukuta spana moja haipo. Alikumbuka mara ya mwisho aliishika juu ya gurudumu kubwa linalovuta kamba ya chuma. Spana ikiingia kwenye meno ya gurudumu lile, kibanda cha abiria hakina cha kukishika.

Akapiga simu. Don Heriberto alikuwa ameshaweka mkono kwenye swichi, na kibanda cha chini kimejaa wanafunzi.

"Don Heri, usiwashe. Nimesahau spana juu."

"Vizuri umesema, binti yangu. Siwashi."

Aliwashusha abiria wote. Mama mmoja akamwambia kwamba mwanawe ana mtihani, na akifeli kwa kuchelewa, atamleta kwa fundi amlishe yeye. Don Heriberto akasema aletwe, dengu zipo. Kisha akapanda chumba cha mashine kwa magoti yale yale, nami nikimfuata na tochi. Spana ilikuwa imelala kwenye ukingo, upana wa kidole tu kutoka kwenye meno. Akaichukua, akaketi sakafuni, akashusha pumzi ndefu. Nami nikaketi kando yake.

Yasna alirudi macho mekundu, ameshavua beji yake. Don Heriberto alimpa chai na mkate wa parachichi, akamwacha ale. Meneja wetu, Señora Ibáñez, alishuka akiwa na hasira, na haki alikuwa nayo. Alitaka Yasna aondoke siku hiyo hiyo.

Don Heriberto hakupandisha sauti. "Señora, ukimfukuza aliyesema, kesho atakayekosea atanyamaza. Na siku hiyo sitajua nisiwashe."

Señora Ibáñez aliwatazama wanafunzi wakipanda tena kibandani, baada ya gurudumu kukaguliwa upya. Halafu akamwambia Yasna avae beji yake. Yeye na Don Heriberto walipanga utaratibu mpya: zana zote zikaguliwe na mtu wa pili kabla ya kuwasha. Tangu hapo kila dosari ndogo tunaitaja mapema. Hata Señora Ibáñez, mwezi uliopita, alikuja mwenyewe kusema kwamba alisahau kufunga geti la juu.

Jumatatu ijayo Yasna anaanza kazi ya fundi mkuu. Wiki hii kijana mpya alimwendea kumwambia amevunja kioo cha taa. Yasna alimuuliza kwanza kama amejikata.

Don Heri, asante kwa kutufanya tusiogope kuja kazini. Kapumzishe magoti, na upate wenzio wa dhumna wasioona vizuri. Maisha yako yajayo yawe mema na marefu.