Mwezi wa Wiratno Usio na Kibali

"Kikao cha Dharura cha Kamati ya Mtaa Kuhusu Mwandamo wa Mwezi Uliofanyika Bila Kibali." Ndivyo lilivyosomeka tangazo kwenye kibanda cha sungusungu, nyuma ya msikiti wa Kotagede. Kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kufuturu, kikao kiligeuka kijiwe na kahawa ikamiminwa. Wiratno, muuza chakula cha ndege, aliketi pembeni kakumbatia darubini yake kama mzazi aliyeitwa shuleni pamoja na mwanawe. Jana magharibi, mfungo ukiwa siku ya ishirini na tisa, alituma picha ya kitu chembamba kilichopinda kwenye kundi la simu la mtaa. Ngoma kubwa ya msikiti ikalia, takbira zikapaa, ketupat, wali wa Idi unaofungwa ndani ya majani ya mnazi, zikachemka kila jiko. Ndipo televisheni ikatangaza kwamba nchi nzima inafunga siku moja zaidi. Leo wamefunga, na ketupat zimechacha.

— Hoja ni moja, alisema Mwenyekiti Suparlan, akiiweka sawa kofia yake ya vikao. Darubini inakabidhiwa kwa kamati, inafungiwa stoo pamoja na viti vya msiba.

— Mwenyekiti, ule si mwezi, alisema Wiratno. Ni Zuhura, ile nyota ya jioni. Siku hizi ukiitazama kwa darubini unaona kipande tu, kama mwezi mchanga.

— Nyota ina kipande, bwana we? alidakia Waziri, aliyepewa jina hilo kwa kuwahi kuendesha gari la wizara. Uliipigaje?

— Nafunga kamera nyuma ya darubini, narekodi video. Hewa huchezacheza, kwa hiyo nachagua vipicha vilivyotulia, navipandanisha viwe picha moja.

— Amekiri! alipaza sauti Waziri. Picha ya kuunga!

— Kaungiwa na nani? aliuliza Antena, fundi redio. Kuna nchi inataka tusherehekee mapema tununue nguo zao. Hiyo Zuhura wameirusha wao.

— Ilikuwepo kabla ya babu yako, Antena, alisema Wiratno.

— Mbona babu hakunitajia?

— Hata ikiwa nyota, alisema Waziri, imevaa sare ya mwezi. Wizarani mtu akivaa sare isiyo yake, analala ndani.

Wiratno aliikumbatia darubini kwa nguvu zaidi. Kila jioni Zuhura ilizidi kushuka. Baada ya siku chache tu ingemezwa na mwanga wa jua, na stoo ya kamati haijawahi kurudisha kitu.

— Wanaokubali ichukuliwe, wanyooshe mikono, alisema Mwenyekiti.

Mikono ilikuwa ikipanda alipofika Mama Ningrum, mpangaji mpya, na sinia la ketupat za kumwaga.

— Samahani wazee wangu, mimi mgeni. Ngoma aliipiga nani?

Mikono ikashuka. Waziri akamtazama Antena, Antena akaitazama kahawa. Mwenyekiti akavua kofia, akaipangusa vumbi lisilokuwepo.

— Kikao kimeahirishwa.

Wiratno alirudi nyumbani na darubini yake. Chini ya picha aliyotuma jana alikuwa ameandika, "Zuhura, jioni ya leo." Mwenyekiti hakusoma, alikimbilia msikitini akapiga ngoma.